Macho ya Kuazima

Jumatatu, 2 Juni

Daktari wa mifugo ametaka niandike kila siku farasi wamekula nini na wamekohoa mara ngapi. Nimechukua daftari ambalo kaka yangu alikuwa akiandikia zamu za kubadilisha viatu vya farasi. Kurasa za mwanzo ni mwandiko wake: "Karani, mguu wa nyuma kushoto, msumari umelegea." Kaka sasa anaendesha lori, misumari si shida yake tena. Mimi nimeomba likizo ya msimu mmoja ofisini, nije nimsaidie Baba kutembeza wageni mpaka mvua zirudi. Msimu mmoja tu. Nimemwambia meneja, nimemwambia Shangazi, na nimejiambia mwenyewe.

Farasi ni saba. Wamekula nyasi kavu na pumba. Aliyekohoa ni Baba peke yake.

Jumanne, 3 Juni

Wamekula. Hawakukohoa. Nimekanyagwa kidole.

Ijumaa, 6 Juni

Wageni wa kwanza, wanne. Kila mgeni akiulizwa kama amewahi kupanda farasi hujibu "kidogo." Hiyo kidogo huanzia kwa punda wa babu yake na kuishia kwenye farasi wa mbao wa uwanja wa michezo. Shangazi, ambaye hupika supu ya wageni na hajawahi kupanda hata baiskeli, husimama mlangoni pa jiko na kusema kwa sauti ya kusikika, "Mzoea punda hapandi farasi." Wageni hudhani anawatakia safari njema.

Mpangilio ni uleule tangu Mama alipofariki. Baba anatangulia juu ya Bibi Mkubwa, farasi jike wa kijivu mwenye umri wa miaka ishirini na mmoja. Wageni katikati. Mimi wa mwisho, nafunga mkia juu ya Karani, aliyeitwa hivyo kwa sababu anatembea kama anayehesabu hatua. Kabla ya kuondoka Baba hupita kwa kila farasi, hutia vidole chini ya mkanda wa tumbo, hufumba macho na kusikiliza. Mimi huona ni madoido tu mbele ya wageni.

Njia ina vituo vinne vya kutazama mandhari: Jiwe la Meza, Kona ya Upepo, Ukingoni na Kivukoni. Bibi Mkubwa husimama mwenyewe kila kituo, haambiwi. Baba hutoa hotuba yake. Akimaliza husema, "Ndivyo palivyo," na Bibi Mkubwa huondoka. Hotuba hizo ningeweza kuzisema zote nikipiga mswaki. Leo amezisema vilevile, neno kwa neno, na wageni wamefurahi vilevile. Nilikuwa nyuma nikipiga miayo kwa siri. Namheshimu Baba, lakini mtu akizungumza na milima miaka thelathini huanza kudhani milima inamjibu.

Jumapili, 8 Juni

Hakuna wageni. Nimeosha mikia saba.

Alhamisi, 19 Juni

Leo naandika juu ya watu, farasi wamekula.

Wageni walikuwa watatu: mume na mke vijana, na mwalimu mstaafu ambaye huja kila mwaka na buti zake mwenyewe. Tulifika Ukingoni, kituo cha tatu, ambapo ardhi inakatika na bonde lote linaonekana mpaka mtoni. Bibi Mkubwa akasimama. Baba akanyoosha fimbo yake na kuanza.

"Tazameni ng'ambo ya mto. Mnauona mti wenye vichwa viwili, umesimama peke yake? Marehemu mke wangu alikuwa akisema ule ni mtu na mkewe waliogombana. Kila mmoja amegeukia kwake, lakini mguu ni mmoja, hakuna pa kwenda."

Mti ule ulianguka wakati wa mvua. Niliuona umelala siku ile ile niliyofika, nikadhani kila mtu anajua.

Kijana akainua darubini, akapeleka huku na huku. Mkewe akamwangalia Baba, akaniangalia mimi. Nikasubiri Baba acheke, maana ana mizaha mikavu. Hakucheka. Fimbo ilikuwa imenyooka, haitikisiki, inaonyesha mahali pale pale penyewe ambapo hapana kitu.

Mwalimu akasema taratibu, "Naam mzee. Tunauona."

"Ndivyo palivyo," akasema Baba, na Bibi Mkubwa akaondoka.

Nilipomsaidia mwalimu kushuka bandani alinishika mkono. "Mwanangu, baba yako ana kumbukumbu nzuri sana," alisema. "Mwaka jana alikuwa akigeuza kichwa kama ndege ili aone. Mwaka huu hageuzi tena."

Nikarudi nyuma wiki zote hizi kichwani. Vidole chini ya mkanda. Kikombe cha chai anachokitafuta kwa mgongo wa mkono. Zile siku alizosema kalamu imeisha wino akanipa mimi niandike majina ya wageni. Nimeishi naye nyumba moja siku zote hizi, na mimi ndiye ninayejisifu nina macho.

Ijumaa, 20 Juni

Nimembana Shangazi jikoni. Alikuwa akimenya viazi na aliendelea kumenya.

"Presha ya macho," alisema. "Alikwenda hospitali mwezi wa tatu, akatuaga kwamba anakwenda kutafuta ngozi ya tandiko. Daktari amesema kilichokwenda hakirudi. Pembeni kumeshakufa. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe lina ukungu."

"Mbona hamkuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ukijua utamshusha kwenye farasi."

Nilitaka kukasirika nikashindwa, kwa sababu ni kweli. Ningemshusha siku hiyohiyo. Mtu haoni, anatangulia wageni kwenye njia ya mlimani. Ni wajibu wangu kumshusha. Lakini Baba amekuwa mbele ya msafara huu kabla sijazaliwa. Mama alipofariki alikaa siku nne hakula, siku ya tano akatandika farasi, akapanda, akarudi akaomba chakula. Nikimtoa pale mbele, sijui atakuwa nani. Naandika wazi ili nisijidanganye: naogopa mgeni ataumia, na naogopa zaidi Baba ataniangalia kwa macho yasiyoniona na kuniuliza sasa afanye nini.

"Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua," nikasema.

"Mwambie yeye," akasema Shangazi. "Mimi naona viazi tu."

Sikumwambia.

Jumamosi, 28 Juni

Nimebuni ujanja. Alasiri, wageni wakishaondoka, nampanda Karani na kuipita njia yote peke yangu. Nikirudi namkuta Baba kwenye hori la maji, naanza kupiga soga kama mtu asiye na kazi. Leo nimeanza na kile kizito.

"Baba, ule mti wa ng'ambo umeanguka."

Alikuwa akimkwaruza Bibi Mkubwa shingoni. Mkono ukasimama.

"Lini?"

"Wakati wa mvua, nadhani. Mimi nimeangalia vizuri leo."

Farasi akamsukuma kwa kichwa kumkumbusha kazi yake.

"Kichwa kipi kilitangulia chini?"

"Vyote. Mguu si ulikuwa mmoja?"

"Kweli," akasema, na akaendelea kukwaruza.

Jumanne, 8 Julai

Wageni watano. Ukingoni Baba amesema, "Pale ng'ambo palikuwa na mti wenye vichwa viwili," na akasimulia jinsi ulivyoanguka, kana kwamba alikuwapo. Ameongeza kishindo. Nilikuwa nyuma, sikupiga miayo.

Jumatano, 9 Julai

Karani amekohoa mara mbili. Vumbi.

Alhamisi, 17 Julai

Ujanja wangu umekuwa desturi, na mwenye desturi sasa ni Baba. Nikichelewa ananiuliza, "Hujapanda leo?" Kila kitu ninachomwambia alasiri, asubuhi kinatoka mdomoni mwake mbele ya wageni kikiwa kimevaa nguo mpya.

Ila ananichosha kwa maswali. Jana nilimwambia chini ya Jiwe la Meza kumeota maua ya njano.

"Njano gani?"

"Njano tu, Baba."

"Hakuna njano tu. Ya ndizi au ya kiini cha yai?"

Sikujua. Leo nikashuka kwenye farasi, nikachuchumaa kama mtoto. Ni ya kiini cha yai, na ndani kabisa kuna doa jekundu dogo. Nimepita hapo tangu utotoni na nilikuwa sijawahi kuinamisha kichwa. Nilipomwambia kuhusu doa alitabasamu peke yake. Sisi wawili tunajua ninachofanya na tunajitia hamnazo, na sijawahi kuwa karibu na baba yangu kama wiki hizi.

Nadhani nilimwonea. Zile hotuba si mazoea ya mzee anayependa sauti yake. Ni mtu aliyetazama mahali pamoja kwa bidii mpaka akapajua kwa moyo.

Ijumaa, 1 Agosti

Wamekula. Mgeni mmoja naye amekula, amekula karoti za farasi.

Jumatano, 13 Agosti

Mvua imenyesha siku mbili, na wala si wakati wake. Hakuna aliyetoka. Leo alasiri imekatika. Meneja amepiga simu anataka nirudi mapema, kuna aliyeacha kazi, tumebishana karibu saa nzima. Nilipokata simu nilikuwa sina nguvu hata ya kuvaa buti. Nikajilaza. Baba akaja mlangoni.

"Umepita?"

"Nimepita. Njia iko sawa."

Akasimama kidogo, kama anayesubiri. Halafu akasema, "Haya," akaenda.

Alhamisi, 14 Agosti

Naandika kwenye benchi la hospitali, daftari liko gotini, atakayesoma anisamehe mwandiko.

Tuliondoka saa tatu, wageni watano, ukungu umeshuka mpaka kwenye misonobari. Jiwe la Meza tulisimama, Kona ya Upepo tukasimama, hakuna aliyeona kitu lakini Baba aliwaeleza kilichoko nyuma ya ukungu wakacheka. Baada ya Kona njia inakuwa nyembamba. Kulia ni ukuta wa mlima, kushoto ni mteremko. Farasi wanapita mmoja mmoja.

Bibi Mkubwa akasimama. Pale si kituo.

Nilimsikia Baba, "Twende, mama." Huwa anamwita hivyo. Bibi Mkubwa akapuliza pua. Baba akasema tena, safari hii kwa sauti, nadhani ili wageni wasiwe na wasiwasi, "Binti yangu alipita hapa jana. Njia iko sawa."

Nikasimama kwenye vikuku vya tandiko, ukungu ukapasuka kidogo, na juu ya vichwa vya wageni nikaona: hatua tatu mbele ya Bibi Mkubwa hapakuwa na njia. Mvua ilikuwa imeimega, imekwenda nayo chini.

Sasa, sheria ya kwanza ya kazi hii, kabla hata hujafundishwa kushika hatamu, ni kwamba anayefunga mkia hapigi kelele. Farasi akisikia ukelele nyuma yake hukimbia mbele, na mbele palikuwa na wageni watano, kisha Baba, kisha shimo. Nikifunga mdomo Baba anakwenda. Nikifungua tunakwenda wote. Nikashuka, nikajibanza kati ya mlima na farasi, nikaanza kupita mmoja mmoja huku nawapapasa shingoni na kunong'ona, "Samahani dada, samahani kaka," kama mtu anayetafuta kiti chake katikati ya mkutano. Nilimpita wa kwanza, nikampita wa pili. Nilikuwa kwenye bega la watatu nilipomwona Baba anampiga Bibi Mkubwa visigino.

Miaka yote sijamwona akimpiga visigino. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba farasi akikataa unamuuliza kwanza.

Bibi Mkubwa hakwenda mbele. Alijikunja mahali pale pembamba, magoti yake ya uzee, akapandisha miguu ya mbele kwenye ukuta wa mlima, na Baba akateleza akaanguka. Aliangukia upande wa mlima. Daktari wa mifugo ameniambia kwa simu farasi hachagui mambo hayo. Yeye hakuwapo, mimi nilikuwapo.

Wageni walishuka mmoja mmoja, tukawageuza farasi kwa mikono, hakuna aliyepata hata mkwaruzo. Baba amevunjika mtulinga. Aliteremka kwa miguu, ameshika bega, anajibu maswali ya wageni kuhusu aina za ndege.

Walipomaliza kumfunga mkono niliingia chumbani, nikafunga mlango.

"Baba, jana sikupita. Nilikuwa nimelala kitandani. Nilikudanganya."

"Najua."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Ulisema iko sawa," akasema. "Siku zote unaniambia kuna jani hili, kuna jiwe lile. Jana hukutaja hata rangi moja."

"Sasa mbona ulikwenda? Mbona hukuniuliza?"

Aligeuza uso dirishani, kwenye mwanga. "Ningekuuliza vizuri, ingebidi niseme kwa nini nauliza."

Hapo ndipo nililia. Naye akanipapasa kichwa kwa mkono mzima, akakosea kidogo akanitia kidole sikioni, akasema, "Samahani, sioni." Ilikuwa mara ya kwanza kulisema. Tulicheka mpaka nesi akafungua mlango.

Jumamosi, 16 Agosti

Baba amesema basi, hapandi tena. Amesema kwa upole, hakuna wa kubishana naye. "Nilimpiga farasi aliyekuwa akiniokoa. Mtu wa namna hiyo hafai mbele." Tandiko lake amelitundika ukutani mwenyewe, kwa mkono mmoja.

Nilikuwa nikiogopa kumshusha. Ameshuka mwenyewe na naona ni vibaya zaidi.

Jumatatu, 18 Agosti

Wamekula. Bibi Mkubwa amekula nusu. Anasimama kwenye uzio upande wa nyumba.

Jumamosi, 23 Agosti

Mafundi wamechimba njia mpya juu kidogo ya pale ilipomegeka, nimeipita mara nne kwa miguu. Leo nikachukua wageni watatu, mimi mbele juu ya Bibi Mkubwa, binti wa daktari wa mifugo akanifungia mkia.

Jiwe la Meza. Bibi Mkubwa akasimama, nikatoa hotuba ya Baba yote, sikuacha neno. "Ndivyo palivyo," nikasema.

Hakuondoka.

Nikarudia. Nikasema kwa sauti nzito ya Baba. Nikambembeleza, nikamtishia. Aligeuza sikio moja, akalirudisha. Mgeni mmoja akafungua mkate wake akaanza kula. Baada ya dakika ishirini nilishuka, nikashika hatamu, nikamvuta msafara mzima kwa miguu kilomita saba, vituo vyote vinne, buti zimenikata. Kwenye kitabu cha wageni wameandika: "Mandhari nzuri, hasa ya kituo cha kwanza. Tulipata muda wa kutosha kuitazama."

Shangazi amelisoma hilo kwa sauti wakati wa kula. Baba alijitahidi kuuma mdomo, bega linamuuma akicheka, lakini alicheka. Wiki nzima hajacheka.

Jumatatu, 25 Agosti

Baba amenikuta bandani.

"Ulipokuwa ukisema, ulikuwa umekaaje?"

"Nimekaa tu, vizuri."

"Ulikuwa unapumua?"

Swali gani hilo. Lakini nikafikiri, na kusema kweli sikumbuki kupumua. Nilikuwa nikihofia wageni, nahofia njia, nahofia kusahau neno.

"Yule hajui kusoma wala kuandika," akasema Baba. "Hasikilizi maneno. Mimi nikimaliza kusema huwa nimeridhika, mgongo unalegea, pumzi inatoka. Hicho ndicho anachongoja. Wewe umekaa juu yake kama msumari."

"Basi njoo unifundishe."

Akatia vidole chini ya mkanda wa Karani, akausikiliza, akaufunga tundu moja zaidi. Nimegundua hiyo kazi hajaiacha. Asubuhi zote hizi mikanda imekaguliwa kabla sijafika.

Ijumaa, 5 Septemba

Naongoza kwa Karani, Bibi Mkubwa anabaki. Karani hana maringo, anahesabu hatua zake. Wageni wanauliza yuko wapi yule mzee wa hadithi. Mwalimu mstaafu ametuma salamu, anauliza kuhusu mti.

Jumapili, 14 Septemba

Nimepiga moyo konde. Nimemwambia Baba mbele ya Shangazi ili asipate pa kukimbilia.

"Bega likipona utapanda. Hutakuwa mbele. Utakuwa wa pili, nyuma yangu."

"Nipande niwe mzigo?"

"Mimi nitakuwa macho, wewe utakuwa mdomo. Njia naiona lakini siwezi kuisema. Wageni wanalala juu ya farasi."

"Mtu wa pili hajawahi kuwa na kazi kwenye msafara huu."

"Mke wako alikuwa wa pili miaka kumi na nane," akasema Shangazi bila kuinua macho kwenye mchele. "Na ule mti si wewe uliyeutungia hadithi."

Baba akasema chai imepoa, na haikuwa imepoa.

Jumatano, 17 Septemba

Tandiko la Baba halipo ukutani. Nimelikuta juani, limepakwa mafuta.

Ijumaa, 26 Septemba

Daktari wa hospitali amekubali shingo upande: mwendo wa kutembea tu, mwendo wa shoti asahau. Mawingu yameanza kukaa mlimani na msimu unafungwa kesho. Meneja amepiga, nimemwambia nitamjibu Jumatatu. Sikusema msimu mmoja tu. Nimejisikia nikiliruka neno hilo.

Jumamosi, 27 Septemba

Hakukuwa na wageni leo. Tulikuwa mimi na Baba.

Alikagua mikanda miwili kama inavyostahili. Mimi nikampanda Bibi Mkubwa, yeye akapanda Sukari, farasi mnene wa kahawia ambaye watoto hupandishwa. Shangazi alitoka mlangoni, nikangoja methali yake, akasema tu, "Rudini kabla supu haijaganda." Bibi Mkubwa alipomsikia Baba nyuma yake alipinda shingo yote kumtazama. Baba akamnyooshea mkono, wakanusana.

Jiwe la Meza Baba alisema yeye, kutoka nyuma. Bibi Mkubwa akaondoka kwa sauti yake. Kona ya Upepo vilevile. Pale pembamba nilimwambia, "Tunapanda kidogo kulia, Baba, udongo ni mwekundu, mpya, umeshindiliwa, upana wake farasi wawili." Akasema, "Nimekusikia." Sukari alipita kama anayekwenda dukani.

Tukafika Ukingoni. Bibi Mkubwa akasimama. Nikangoja Baba aanze. Hakuanza. Nikasikia upepo, nikasikia Sukari anatafuna hatamu.

"Baba?"

"Leo niambie wewe," akasema. "Mimi nimechoka kuwaambia watu."

Nikatazama. Nikamwambia mto umepungua, mawe ya katikati yametoka nje, meupe, na kuna ndege mmoja mrefu amesimama juu ya moja kwa mguu mmoja. Nikamwambia majani ya bonde yamekauka lakini si yote, yaliyo karibu na maji yana kijani cha ndizi mbichi. Akauliza kuhusu mti. Nikasema bado umelala, vichwa vyote viwili vimelala upande mmoja sasa, na watu wa ng'ambo wameanika mashuka juu yake.

"Mashuka?"

"Matatu. Mawili meupe. La tatu lina maua ya zambarau, Baba, mabaya sana, sijui nani alilinunua. Na kuna mama amekaa pembeni ya shina, ameegemea, amevua viatu. Anakula kitu. Nadhani ni chungwa, anatema mbegu."

Alicheka, taratibu, kwa ajili ya bega. "Kwa hiyo wamepatana," akasema.

"Wamepatana. Wameishia kubeba nguo za watu."

Nikaendelea kutazama. Wingu lilikuwa likivuka bonde na kivuli chake kinapita juu ya mashuka yale, yanazima moja moja kisha yanawaka tena. Hilo nalo nikamwambia. Nilikuwa nimesahau farasi, nimesahau wageni wa msimu mzima, nimesahau simu ya Jumatatu. Nilikuwa nikitaka tu alione lile shuka baya. Nilipoona ameliona, pumzi ikanitoka.

Bibi Mkubwa akaondoka.

Nilishika hatamu kwa mshtuko, hata lile neno la mwisho nilikuwa bado sijalifikia. Anatembea zake kuelekea Kivukoni, masikio mbele, na nyuma yake nasikia kwato za Sukari zinafuata.

"Baba," nikasema, "mbona umemruhusu?"

"Mimi sijasema kitu," akasema Baba.